Jinsi Mama Mkwe Alivyoishinda Saluni Yangu

Mimi ni mtu wa saluni. Nasema mapema ili anayetaka kubishana ajue anabishana na nani. Saluni ni gari lenye adabu. Injini mbele chini ya boneti, watu katikati, mizigo nyuma kwenye buti, na kila kitu kinajua mahali pake. Ukikata kona inakata nawe, imeishika barabara, haiyumbi. Nimeuza magari mjini Kisii miaka mingi, kwenye yadi iliyo kando ya lami, na miaka hiyo yote nilikuwa na saluni yangu nyeusi niliyoiosha kwa mikono yangu kila Ijumaa, kwa sabuni ya nywele ya mke wangu. Mke wangu alinuna. Gari liling'aa.

Sasa hebu niambieni nani aliwaroga watu. Maana ilifika wakati saluni zikaanza kulala pale yadini hadi vumbi likazoea. Mteja anaingia, anazipita zote bila hata kuzigusa, anakwenda moja kwa moja kwenye krosova, yale magari yaliyoinuka kidogo ambayo si saluni na wala si magari ya kupasulia msitu. Namwuliza, mzee, hii hapa hujaiona? Injini ndiyo hiyo hiyo, mafuta inakunywa kidogo, na inakimbia. Anainama, anachungulia chini ya tumbo la gari, anatikisa kichwa.

"Hii iko chini sana."

Wote walisema hivyo, mwalimu, muuguzi, mwenye duka la mbolea kutoka Nyamarambe. Ungedhani wamekaa kikao wakakubaliana. Nilichoka kuyasikia maneno hayo mpaka nikawa nayasema mimi kabla mteja hajafungua mdomo.

Na si Kisii peke yake. Sisi wauza magari tunajua yanayotokea huko magari yanakotoka. Watengenezaji wanaziondoa saluni, leo hii, kesho ile. Gari ambalo baba zetu walilivulia kofia linatangazwa kwamba basi, halitengenezwi tena, na mahali pake inawekwa krosova. Wenzangu pale yadini walipenda kuniuliza kwa nini, wakijua nitawaka, nami hotuba yangu nilikuwa nayo tayari. Kiwanda si mjinga, niliwaambia. Kinachukua saluni ile ile, sakafu ile ile, injini ile ile. Kinaiinua kidogo, kinaikata buti, kinaibandikia mlango nyuma, kinaizungushia plastiki nyeusi juu ya matairi, halafu kinapandisha bei. Na watu wanapanga foleni. Sasa kama wewe ndiye mwenye kiwanda, na hii iliyoinuliwa inakuletea faida nono kuliko ile ya chini, utahangaika na ya chini kwa sababu gani? Kwa mapenzi? Hiyo krosova yenu, nilimalizia, ni saluni iliyovaa gambuti. Walicheka sana, na mimi nikaenda zangu kuipangusa yangu kwa kitambaa.

Nilioa karibu na Sironga, upande wa Nyamira, kwenye nyumba iliyo juu ya mteremko wa majani chai. Mimi kwetu ni upande wa ziwa. Mama mkwe hajui lugha yangu, na Kikisii changu kinatosha kununua ndizi tu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tumekutana kwenye Kiswahili, yeye na chake cha shule ya zamani, mimi na changu cha yadini. Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki, na hilo alikwishanisamehe. Ananiita baba, kwa kuwa ni baba wa wajukuu wake. Mimi namwita mama.

Lakini kuna mpaka, na mpaka huo una jina. Wakisii huuita chinsoni. Ni ile heshima yenye haya kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamkai kiti kimoja. Huingii chumbani kwake. Mwili wake si kitu cha wewe kukitazama, sembuse kukishika. Kwetu ziwani nako ni vivyo hivyo, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunifundisha. Hata ndani ya gari yeye hukaa nyuma kabisa upande wa kushoto, mke wangu hukaa mbele na mimi, na kioo cha kutazamia nyuma nakiinua kidogo ili kisinioneshe uso wake safari nzima. Huo ndio uungwana, na tulikuwa tumeuzoea.

Kisha mama akateleza kwenye majani chai asubuhi moja ya mvua, akaumia nyonga. Alitibiwa, akapona kadiri ya umri wake. Alitembea kwa fimbo, polepole lakini kwa miguu yake. Kwenye kiti chake cha mbao pale barazani aliketi na kuinuka bila kumwita mtu. Kilichomshinda ni kuinama. Nyonga ile ilikataa kabisa kwenda chini kupita kile kiti.

Sabato ya kwanza alipojisikia ana nguvu za kwenda kanisani, niliileta saluni yangu mpaka uani. Nilikuwa nimeiosha. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikajitenga, mke wangu akamshika mkono. Mama akageuka, akaanza kushuka. Kiti cha saluni, kwa mtu ambaye hajawahi kukifikiria, kiko chini mno, unajidondosha kama unakaa kwenye mkeka. Alifika katikati, nyonga ikagoma. Fimbo ikateleza. Akabaki pale, si ndani si nje, mkono mmoja juu ya paa la gari, mwingine begani kwa mke wangu, na sketi imenasa mahali.

Niliruka kwenda kumshika.

"Baba," alisema. "Simama hapo hapo."

Hakupaza sauti. Nilisimama. Nikafanya lile pekee lililoruhusiwa, nikageuka, nikawapa mgongo, nikayatazama majani chai ya jirani. Nyuma yangu nilimsikia mke wangu akihema, nikamsikia mama akihema zaidi. Mimi ambaye nainua gurudumu la akiba kwa mkono mmoja nilikuwa sina faida yoyote, nimesimama nikitazama chai. Majirani wote walikuwa kanisani. Nilikimbia mpaka barabarani bila kugeuka nyuma, nikawakuta wanawake wawili wanaotoka kisimani, wakaweka mitungi chini, wakaenda wakamchomoa. Mama aliingia ndani ya nyumba, akafunga mlango. Baadaye akamtuma mke wangu aje aniambie maneno haya: gari ya baba ni nzuri sana, ibebe watu wengine.

Hakunilaumu hata kidogo. Ningependa angenilaumu. Tangu siku hiyo, kila Sabato tulipofika alikuwa na sababu. Leo kuna mgeni anakuja. Leo kuku hawajalishwa. Nyinyi tangulieni. Aliketi barazani akiwa amevaa nguo za kanisa, tukamwacha hapo, na tuliporudi tulimkuta hapo hapo na nguo zile zile.

Na kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la kusubiri. Kanisa lao jipya lilikuwa karibu kufunguliwa. Kanisa lile lilijengwa kwa miaka na miaka, na mchanga wake uliletwa na wanawake kichwani, kwa makarai, kutoka mtoni hadi juu kilimani. Mama mkwe alikuwa katika wale wa mwanzo kabisa. Wenzake kadhaa walifariki kuta zikiwa bado magotini. Siku ya ufunguzi, wabebaji wa mchanga waliobaki ndio wangetangulia kuingia, kabla ya mchungaji, kabla ya wageni. Yeye alilitaka hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akikitaka.

Kila mtu alikuja na ushauri. Kuna aliyesema aletwe kwa pikipiki, na huyo nilimtazama tu. Jirani alijitolea pikapu yake. Waliweka kigoda chini ya mlango, mama akajaribu kuinua mguu, mguu ukafika nusu ya njia. Pikapu nayo iko juu mno. Wazee wa kanisa wakatuma ujumbe kwamba watakuja vijana wanne wenye nguvu, wambebe na kiti cha plastiki kutoka kwake hadi mlangoni mwa kanisa.

"Hapana," mama alisema. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata macho. "Nitaingia na miguu yangu. Kubebwa ni siku ile ingine."

Sote tulijua ni siku gani hiyo ingine. Mke wangu alitoka nje akalia nyuma ya jiko. Mimi nilirudi mjini na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilikaa ndani ya saluni yangu pale yadini, viti vyake vya ngozi, dashibodi yake safi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi nilivyozama ndani yake. Magoti yangu yalikuwa karibu yafike kifuani.

Siku chache baadaye aliingia mteja, mzee mmoja mkulima wa chai, mwenye koti zito na kofia. Nilimngojea ainame achungulie chini ya gari kama wote. Hakuinama. Hakuuliza injini. Alifungua mlango wa krosova, akaupa mgongo mlango, akaketi kama mtu anayeketi barazani kwake. Akainuka. Akaketi tena. Akainuka tena, akajipapasa mapaja, akasema, "Hii."

Wenzangu walianza kumcheka. Mimi pia nilikuwa nimefungua mdomo nicheke, nikaufunga.

Jamani. Miaka yote hiyo nawahubiria watu injini na kona, nadhani wananunua plastiki nyeusi na maringo, kumbe wengine walikuwa wananunua magoti. Huko ng'ambo wazee ni wengi, nao wana nyonga kama za Sironga. Watengenezaji waliona jinsi watu wanavyoingia garini, wakapandisha kiti kikafika mahali ambapo binadamu hashuki wala hapandi, anaketi tu. Nisingekubali kumwambia mtu hivyo siku ile, lakini hotuba yangu ilikufa hapo hapo, mbele ya mzee mwenye koti.

Nilimpigia simu mke wangu, ambaye alikuwa amebaki Sironga kwa mama. Nikamwambia chukua uzi wa katani, nenda barazani mama akiwa jikoni, upime kile kiti chake kutoka chini hadi pale anapokalia. Piga fundo.

"Wa nini?" akauliza.

"Pima kiti, usimpime yeye. Mimi sijasema lolote juu ya mama."

Alielewa, akacheka, akapima. Nusu saa baadaye akapiga tena akiwa na wasiwasi, akasema mama hukunja blanketi juu ya kile kiti, je, nalo lihesabiwe? Nikamwambia piga fundo la pili. Kwa hiyo uzi nilioletewa mjini ulikuwa na mafundo mawili, moja la mbao na moja la blanketi, na la kufuatwa lilikuwa lile la juu.

Nilizunguka yadi nzima na uzi ule. Nafungua mlango, nakanyaga ncha moja kwa kiatu, navuta juu mpaka kwenye kiti. Wenzangu waliacha kazi wakaja kunitazama. Mmoja akaniuliza kama nimegeuka fundi cherehani, mwingine akataka nimpimie suruali. Niliwaacha waseme. Saluni zote zilianguka chini ya fundo, na yangu nyeusi ilianguka chini kuliko nyingi, nikaipima mara mbili kwa kutoamini. Kulikuwa na krosova moja nyekundu, nzuri, yenye matairi mapana, ambayo hata mimi adui yake nilikuwa nimeanza kuitupia jicho. Nikapima nikiomba. Ilipita fundo. Ilikuwa juu mno, kama ile pikapu.

Iliyokaa sawasawa na fundo, pasipo kupungua wala kuzidi, ilikuwa ya mwisho kule ukutani, fupi, nene, rangi ya uji wa wimbi. Nimeuza magari mengi na sijawahi kuona gari baya kama lile. Niliketi kwenye kiti chake cha nyuma, nikaweka miguu nje, nikainuka. Niliinuka bila kushika kitu.

Tulibadilishana pale pale na mwenye yadi, saluni yangu ikabaki yadini na ile ya uji ikatoka nami. Sitasema sikuumia. Nilipita nayo mbele ya wenzangu dirisha likiwa wazi, na mmoja akapaza sauti kuniuliza gambuti ni namba ngapi. Nilimpungia mkono.

Ijumaa mchana nilikwenda Sironga kutafuta mahali pa kuegesha. Mtu wa nchi tambarare hawezi kuelewa hili. Kule kila kitu ni mteremko, na gari likiinama upande mmoja, kiti kinashuka na hesabu yote inaharibika. Niliijaribu kila mahali pale uani. Mahali pamoja tu palikuwa sawa, pale wanapoanika mahindi, nikaiegesha hapo, nikaketi, nikainuka, nikaketi, nikainuka, mama mkwe akinitazama kutoka barazani bila kuuliza neno. Nadhani alielewa. Lakini kwa chinsoni alijifanya anaona mtu anayecheza tu na gari lake jipya.

Asubuhi ya Sabato ya ufunguzi ilinyesha mvua, kisha ikaacha. Mama alitoka amevaa vazi jeupe la wanawake wa kanisa na kilemba. Nilifungua mlango wa nyuma, nikatembea mpaka kwenye migomba, nikawapa mgongo. Nilisikia fimbo ikija. Nilimsikia mke wangu akisema polepole mama, polepole. Nikaanza kuhesabu mikungu ya ndizi, nikakosea, nikaanza upya. Mlango ukafungwa, pu.

"Baba," ikaja sauti kutoka ndani ya gari. "Unatazama ndizi ya nani? Twende."

Nilifurahi mpaka nikaanza kutafuta ufunguo mfukoni na uko mkononi. Mke wangu alikuwa amesimama nje, mikono kichwani, hakuwa amemshika mama hata kidole. Tulipanda kilima kwenye tope jekundu, na ile ya uji ikapanda bila kulalamika. Katikati ya kilima tuliikuta saluni moja imekalia tumbo, mwenyewe amevaa suti, viatu mkononi. Nilipunguza mwendo kwa heshima, kwa sababu mtu huyo nilikuwa namjua kama ninavyojijua.

"Pole yake," mama akasema nyuma yangu. "Gari yake iko chini sana."

Nilicheka kimya kimya mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia baridi.

Uwanja wa kanisa ulijaa watu. Wazee walikuwa wametuandalia wale vijana wanne, na kiti cha plastiki kiko tayari. Mama aliteremsha kioo. "Rudisheni hiyo kiti," akasema, akapandisha kioo. Mimi nilikuwa na shida nyingine, uwanja ulikuwa na mteremko. Nilikwenda mbele, nikarudi nyuma, nikaenda mbele tena, watu wakiruka kunipisha na kunong'onezana juu yangu, mpaka nikapata mahali gari lilipokaa sawa, mlango wa mama ukielekea kanisani. Nikazima. Nikashuka, nikafungua mlango wake nikiwa nimetazama pembeni, nikaenda kusimama kando ya barabara, mgongo kwao, nikatazama bonde.

Nilisikia miguu yake ikikanyaga kokoto, mmoja, kisha wa pili. Nikasikia fimbo. Wanawake wa mchanga walikuwa wamejipanga mlangoni, nao wakaanza wimbo, na fimbo ikafuata, tak, tak, ikielekea kwao, haikusimama. Kisha wimbo ukaingia ndani ya kanisa na kuta zikaubeba. Sikuisikia fimbo tena.

Niligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, mlango wazi, hakuna aliyekumbuka kuufunga. Kijana mmoja alinijia akihema, ameshika kile kiti cha plastiki kwa mikono yote miwili, akaniuliza yuko wapi yule mama waliyeambiwa wambebe. Nikamwambia yuko ndani, na hicho kiti akikalie yeye.